Nguo Nyeusi Mlango wa Tumbusi

Kwenye kituo cha kilomita ya arobaini na moja, mama mmoja mnene aliyekuwa akigawa viazi vya kuchemsha alimtazama Khauhelo kuanzia raba mpaka kitambaa cha kichwani, kisha akamuuliza swali ambalo hakumuuliza mkimbiaji mwingine yeyote siku ile.

"Binti, wewe unakimbia mbio au unaukimbia msiba?"

"Vyote, 'm'e, mama yangu. Niongezee chumvi."

Mama akaangua kicheko, halafu akakumbuka kwamba mjane hachekewi hovyo. Akakimeza kicheko chake pamoja na kipande cha kiazi, nusura vimpalie.

Hakuwa na kosa kuuliza. Watu mia na ushee walitoka bondeni alfajiri ile kwenda kuzunguka milima kilomita sitini na tano, wamevaa fulana za kung'aa utadhani peremende zilizomwagika njiani. Katikati yao alikuwepo mwanamke mmoja tu mwenye thapo, ile nguo nyeusi ya ujane, nzito, ya sufi, imefungwa begani kwa pini kubwa kama ya blanketi. Ikilowa jasho inakuwa na uzito wa mtoto. Khauhelo alikuwa amekimbia na hiyo nguo miezi saba ya mazoezi, ikampa shingo ya mbeba ndoo na pumzi ya punda.

Mbio zenyewe zilikuwa za mumewe. Mohau alizikimbia mara tatu, akajiandikisha mara ya nne, namba ikatoka, kisha mwamba ukamlalia migodini ng'ambo ya mpaka kabla hajaivaa. Khauhelo alipomwomba mama mkwe wake ruhusa ya kukimbia na namba ile, 'Mamohau alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Kimbia. Lakini sheria unazijua."

Alizijua. Zilikuwa nyingi, ila zilizouma ni mbili. Ya kwanza, mjane asikutwe nje jua likizama. Ya pili, thapo haivuliwi na aliyeivaa. Walioivika ndio wanaoivua, kwa kondoo wao na kwa maneno yao. Ukivunja mojawapo, mwaka wa kuivaa unaanza upya, na huo wa pili ukiisha hakuna wa kukuuliza unataka nini: shemeji anaishika nyumba ya marehemu, na wewe umo ndani yake pamoja na masufuria.

Zilikuwa zimebaki siku nane, hadi Jumapili ya kuvuliwa. Kondoo alikuwa ameshachaguliwa. Khauhelo angevuliwa, angeketishwa mkekani, angeulizwa: unabaki hapa au unarudi kwenu? Na kwa mara ya kwanza tangu azike, alikuwa na jibu.

Jibu hilo lilikuwa linapanda mteremko nyuma yake, linahema kama ng'ombe aliyevimbiwa mahindi mabichi.

"Ausi, dada! Niachie kiazi hata kimoja!"

Ile sauti aliijua kuliko alivyoujua uso wa mwenye sauti. Letlatsa alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mrefu, mwembamba, hana mbio hata za kumkamata kuku, lakini mbishi wa kutosha kumaliza kilomita yoyote ile. Walikutana mwezi Septemba, kama unaweza kuita vile kukutana: yeye anakimbia upande mmoja wa korongo, Khauhelo upande wa pili, mto chini kabisa katikati. Mjane hasimami na mwanamume. Lakini hakuna sheria inayokataza korongo lisiwe na pande mbili.

Basi wakawa wanapigiana kelele. Mapenzi ya kupigiana kelele yana tatizo moja tu, kwamba bonde zima linakuwa mshenga. Siku Letlatsa alipolalamika, "Goti langu leo!" naye Khauhelo akajibu, "Likande na chumvi!", bibi mmoja chini mtoni alipaza sauti akasema, "Chumvi imekwisha dukani, mwambie avumilie!" Hawakuwahi kusema neno ambalo mchungaji wa kanisa asingeweza kulisikia. Habari ya goti. Habari ya mvua. Umekula? Na ndani ya 'umekula' ile, miezi saba, mlikuwa mmejaa kila kitu.

Sasa Letlatsa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na Khauhelo akagundua hajui aweke wapi macho. Ana kovu dogo juu ya mdomo. Ana kope ndefu kama za ndama. Hayo yote kutoka ng'ambo hayakuonekana.

"Kumbe wewe mfupi," Letlatsa akasema.

"Kumbe wewe unanuka kondoo."

"Hayo ndiyo manukato ya kwetu. Ukizoea utayalilia."

Mama wa viazi aliwatazama mmoja mmoja, akaweka viazi viwili zaidi kwenye karatasi, akageuza mgongo kwa makusudi kabisa. "Mimi sijaona kitu," akaviambia viazi vyake. "Macho yangu mabovu tangu Pasaka."

Saa saba na nusu walitoka kituoni wakifuatana. Njia ya kwenda Mlango wa Tumbusi, lile pengo la kileleni, ni nyembamba kama mshipi, inapita ubavuni mwa mlima kwenye nyasi zinazoteleza. Kwa hiyo hata kama wangetaka kukimbia mbalimbali wasingeweza. Khauhelo alitangulia. Hesabu yake ilikuwa imekaa sawa kichwani: kileleni saa tisa, kituo cha mwisho saa kumi na nusu, mwisho wa mbio saa kumi na mbili kasorobo. Jua lingezama saa kumi na mbili na robo. Alikuwa na nusu saa ya kupoteza, na alikusudia kuipoteza yote akimsikiliza mtu huyu akihema.

"Ausi, nina habari," Letlatsa akasema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Nilitaka ikukute mwisho wa mbio, lakini siwezi kuikalia tena. Inanichoma."

"Sema."

"Jana niliwatuma wajomba."

Khauhelo hakusimama, ila miguu yake ilipoteza mpigo. "Uliwatuma wapi?"

"Kwa kina Mohau. Kukuposa."

Hapo akasimama. Letlatsa nusura ampande mgongoni.

"Rudia."

"Niliwatuma kwa kina Mohau," akarudia, na lile tabasamu likaanza kutafuta mahali pa kujificha. "Si wao ndio waliotoa ng'ombe? Nilitaka nifanye kwa heshima. Sikutaka waseme nimekuiba."

"Letlatsa. Mwizi anakata kamba anaondoka na ng'ombe. Wewe umekwenda hadi zizini kuwaambia wenye zizi kwamba huyu ng'ombe kweli ni wenu!"

"Sikumaanisha..."

"Nina baba mimi! Anavuta kiko chake pale kijijini Ha Ramokoatsi tangu asubuhi hadi jioni, hana kazi, angefurahi hata kupata wageni! Ungekwenda kwake. Baada ya siku nane. Siku nane, Letlatsa! Mtu avumilie miezi yote hiyo, ashindwe na wiki moja?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Letlatsa alitazama chini. "Niliambiwa shemeji yako Moeketsi amepanda juu ya nyumba yako. Anaezeka."

"Panavuja! Alikuwa anaziba!"

"Ndivyo wanavyoanza," akasema Letlatsa kwa uchungu wa kweli, na siku nyingine Khauhelo angecheka mpaka akae chini. Leo hakucheka.

"Mama alisema nini?"

Letlatsa aliinama kufunga kamba ya raba iliyokuwa imefungwa tayari.

"Nimekuuliza, mama Mohau aliwaambia nini wajomba zako?"

"Hakuwapa hata maji. Alisema, kesho nitakuwa nimeketi mwisho wa mbio. Akiingia kabla ya jua, na nguo ya mwanangu ikiwa mwilini mwake, tutaongea kama watu. Akija vinginevyo, nitajua alikuwa anakimbilia nini."

"Nao wajomba?"

"Walikubali."

"Walikubali!" Khauhelo alipiga kofi hewani. "Nimechezwa kamari jana mchana, mimi mwenyewe nipo nyumbani naosha raba! Hata karata huulizwa kabla ya kuchanganywa."

"Ausi, nisikilize..."

"Nakusikiliza tangu Septemba. Ungekaa upande wako wa korongo, ulikuwa na akili zaidi kule."

Akageuka, akaondoka. Alikimbia kwa hasira, na hasira ni mafuta mabaya, yanawaka sana yanaisha upesi. Alipita Mlango wa Tumbusi bila kuuona, akaanza kuteremka upande wa pili huku mbingu ikigeuka rangi ya risasi. Nyuma alimsikia akimwita, mara moja, mara mbili, anakaribia, anakimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Kisha mvua ya mawe ikaanguka, yote kwa pamoja, kama gunia lililopasuka.

Juu kule hakuna miti. Kwa hiyo aliposikia mlio wa tawi kavu likikatika, Khauhelo alijua si tawi.

Akarudi juu, akamkuta Letlatsa ameketi pembeni mwa njia, mgongo kwenye jiwe, ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili kama mtu aliyemshika mgonjwa. Kifundo kilikuwa kimeelekea mahali ambapo vifundo havielekei. Mawe ya mvua yalikuwa yakimrukia kichwani.

"Nilikuwa nakuja kuomba msamaha," akasema. Meno yake yalikuwa yameshaanza kugongana. "Nikaona nifupishe njia."

"Nyamaza. Usisogee."

"Nisogee niende wapi?"

Alimvuta chini ya jiwe, palipokuwa na kificho cha upana wa meza. Waandaaji walikuwa wamempa kila mtu karatasi ya rangi ya fedha ya kujifunika na baridi. Letlatsa alipoikunjua ya kwake upepo uliichana, na ya Khauhelo ikaenda zake bondeni kama ndege. Akavua koti lake la mvua, akamvisha. Simu haikuwa na mtandao. Akapuliza filimbi mpaka masikio yakauma, akajibiwa na mawe. Wa nyuma yao wangechukua saa nzima, au wangekuwa wamejificha kituoni kusubiri ipite. Kituo kilichokuwa mbele kilikuwa kilomita saba.

Alichoogopa zaidi kilitokea baada ya robo saa. Letlatsa aliacha kutetemeka, kama mwili ulioshindwa kupigana na baridi.

"Sasa naona joto," akasema, kwa furaha kidogo. "Ausi, jua saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Nenda basi. Utaliwahi."

"Letlatsa, nitazame. Usifumbe macho."

"Nenda, nakuambia! Nimekuharibia jana, nisikuharibie na leo. Ukikaa hapa tunakufa wawili, wewe kwa mwaka mzima, mimi mara moja. Afadhali yangu." Alijaribu kucheka, mdomo haukumtii.

Khauhelo alitazama njia inayoshuka. Akamtazama yeye. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu la samadi. Kisha akapeleka mkono begani kwake mwenyewe, kwenye pini.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Pini ilimchoma mara tatu kabla haijafunguka. Letlatsa alipoelewa anachofanya, macho yalimtoka.

"Hapana. Hapana, Khauhelo. Usinivishe kifo cha mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Hiki si kifo. Hii ni sufi."

"Ni ya Mohau."

"Mohau alikuwa mtu mwema. Angekuvisha mwenyewe." Alimzungushia kuanzia kichwani hadi chini ya makalio, akachomeka pande zote, akaifunga pini kifuani. Ile nguo nzito iliyomchosha miezi yote hiyo haikuwa nzito tena hata kidogo, ilikuwa ndogo, haikutosha. Akaweka kiganja shavuni kwake. Ndipo walipogusana kwa mara ya kwanza, na shavu lilikuwa la baridi kama upande wa ndani wa chungu.

"Usilale. Nakwenda kuleta watu. Niambie kitu, chochote."

"Umekula?" Letlatsa akanong'ona.

Khauhelo aliondoka mbio kabla machozi hayajampofusha, maana njia ile haina huruma na mtu asiyeona.

Alifika kituo cha mwisho saa kumi na dakika arobaini. Mtu mwenye redio ya upepo pale alikuwa rafiki wa Moeketsi, wananyolewa na kinyozi mmoja. Khauhelo alimwambia yote: mguu umevunjika, jiwe kubwa chini ya Mlango wa Tumbusi, anaganda, haraka, haraka. Kuhusu nguo hakusema. Jamaa akawaita wachungaji wa zizi la juu, wana redio na farasi, wangefika mapema kuliko mtu yeyote. Alimaliza, akamtazama mabega.

"Shemeji, leo umekuja mwepesi."

Khauhelo alikuwa ameshaondoka.

Zile kilomita tisa za mwisho hakuzikumbuka baadaye. Anachokumbuka ni jua. Lilikuwa limetoka chini ya wingu, jekundu, na kila alipolitazama lilikuwa limeshuka zaidi ya haki yake. Alipokata kona ya shule na kuuona uzi wa mwisho wa mbio, lilikuwa bado juu ya mlima kwa upana wa vidole vitatu.

Watu walipiga makofi. Yeye alimwona mtu mmoja tu.

'Mamohau alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao alichokileta kutoka nyumbani, blanketi limefungwa kidevuni, mikono juu ya fimbo. Nyuma yake Moeketsi, mikono mifukoni. Pembeni kidogo, wajomba wawili wa Letlatsa, wamevaa kofia zao nzuri.

"Umefika, 'Matumelo," akasema mama. Ndilo jina walilompa siku ya ndoa, mama wa Tumelo. Huyo Tumelo hakuwahi kuja, jina likabaki linamngoja. "Umezimaliza mbio za mwanangu."

"Nimezimaliza, 'm'e."

Kisha macho ya mama yakashuka mabegani. "Nguo iko wapi?"

Khauhelo alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Njia nzima alijiandaa. Lakini kinywa kikasema, "Mvua ya mawe, 'm'e. Upepo..."

Hakumaliza. Mama alimmalizia.

"Upepo wa Mlango wa Tumbusi," akasema polepole, na uso wake ukalegea, uso wa mtu aliyekuwa ameomba asikie hivyo. "Huo hauna adabu. Hata Mohau ulimnyang'anya kofia, akarudi hapa kichwa kinang'aa kama yai." Akatabasamu. Khauhelo hakuwahi kumwona akitabasamu tangu mazishi. "Iliyochukuliwa na upepo haikuvuliwa. Moeketsi, usininung'unikie hapa. Njoo, mwanangu, unaganda."

Akatoa kwenye mfuko wake kipande cha kitambaa cheusi, sijui alikibebea nini, labda mama hubeba tu. Akasimama kwa shida, akamzungushia mabegani, akaanza kufunga pini kwa vidole vyake vilivyopinda. Mikono yake ilinuka ugoro na mkate. Mjomba mmoja akashusha pumzi. Kila kitu kilikuwa kimepona. Zimebaki siku nane.

Redio ya upepo kwenye meza ya waandaaji ikakoroma.

Kijana mwenye redio akasikiliza, akauliza tena, akavua kofia. "Jamani," akasema. "Wachungaji wamefika kwa yule majeruhi. Wanasema si majeruhi. Ni maiti. Wamemkuta amefunikwa thapo toka kichwani, wamemwita haitiki. Hawamgusi, wanasema hawawezi kubeba mkosi wa nyumba ya watu nyumbani kwao. Wamesimama mbali, wanangoja wenye nguo."

Mjomba mkubwa wa Letlatsa aliketi chini palepale, kwenye vumbi, na kofia yake nzuri.

Vidole vya 'Mamohau vilikuwa bado kwenye pini. Khauhelo aliviona vimesimama. Hakuna aliyejua ila yeye, na dakika nyingine moja tu pini ingefunga.

"Hajafa," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akapiga kelele, kama alivyozoea. "Hajafa! Niliivua mwenyewe! Nilimfunika kwa sababu ya baridi! Waambie wamshike, wamshike sasa hivi!"

Kijana alisema kwenye redio. Jibu likaja na mikwaruzo. "Wanauliza nani anasema hivyo. Nimewaambia aliyeivaa. Wanasema aliyevaa hana neno juu yake, wanamtaka aliyevika."

Uwanja mzima ukamgeukia 'Mamohau.

"Mama, usijibu," Moeketsi akasema. "Huyo jamaa ameitaka mwenyewe hiyo nguo. Alale nayo."

Mama hakumtazama. Alimtazama Khauhelo, karibu sana, pini ikiwa bado wazi mkononi.

"Umenidanganya mbele ya watu. Juu ya nguo ya mwanangu."

"Ndiyo, 'm'e."

"Kwa ajili ya huyo."

"Ndiyo."

"Angekuwa mtu mwingine amelala pale, mpita njia tu, humjui. Ungeivua?"

Palikuwa na jibu zuri la swali hilo, na mama mwenyewe alikuwa ameliweka wazi kama mlango. Khauhelo alilitazama. Halikuwa lake.

"Sijui, 'm'e."

'Mamohau alitikisa kichwa mara moja. Akatembea hadi mezani, akanyoosha mkono, kijana akampa redio na kumwonyesha kitufe.

"Mimi ni mama yake Mohau," akasema, kwa sauti ya juu mno, kama mtu asiyeiamini mashine. "Nguo hiyo niliivika mimi. Leo nimeivua. Haina mkosi, haina mwenyewe, ni kitambaa. Mshikeni mtu huyo." Akaachia kitufe, akabonyeza tena. "Mwanangu alilala siku mbili chini ya mwamba, watu wazima wamesimama juu yake wanangoja neno la mkubwa. Mimi sitakuwa huyo mkubwa. Mshikeni!"

Redio ilinguruma. Moeketsi alitema mate pembeni. Mjomba pale chini alikuwa anasali bila sauti, midomo inacheza tu.

"Yupo," sauti ikasema, ya mchungaji, ya mbali. "Yupo, 'm'e. Anapumua kidogo. Tunamweka juu ya farasi."

Khauhelo alianguka magotini, akaushika upindo wa blanketi la mama mkwe wake. 'Mamohau aliuvuta taratibu, bila hasira, kama unavyomtoa paka.

"Usinishike. Yule nimemwokoa kwa sababu ana mama yake." Akakitoa kile kitambaa cheusi mabegani mwa Khauhelo, akakikunja mara nne, akakirudisha mfukoni. "Na wewe nimekuvua. Kondoo atarudi malishoni, huna tena Jumapili nyumbani kwangu. Shamba ni la Moeketsi. Vyombo vyako utavikuta barabarani kesho."

"'M'e, naomba..."

"Usiniite hivyo. Nilikuwa nakupenda, ujue. Ningekuachia uende kwa huyo mkata manyoya wako, na mkate ningeoka mimi. Siku nane." Sauti ilikatika, akaikohoa, ikarudi ikiwa kavu. "Tutoleeni kiti."

Moeketsi alikibeba kiti. Mama alitangulia, anachechemea, hakugeuka nyuma. Watu walimfungulia njia kama wanavyolifungulia jeneza.

Ilichukua muda mjomba mkubwa kusimama. Alijifuta vumbi, akamsogelea Khauhelo, akasimama kwa umbali wa adabu.

"Binti, jua hilo linazama. Njoo ukae motoni."

"Wanamleta kwa njia ipi, ntate, baba yangu?"

"Ya zizi la juu. Mbali. Na wewe miguu imekwisha."

"Niazime blanketi lako."

Mzee alisita. Blanketi ambalo mwanamke hupewa na ukoo wa mwanamume lina maana yake, na wote wawili waliijua.

"Si la posa, ntate," Khauhelo akasema. "Ni la baridi."

Akalivua, akampa. Likaburuza chini, alikuwa mfupi kweli. Alisimama kwa kushika meza, akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akauvuka ule uzi wa mwisho kurudi alikotoka. Nyuma ya shule njia ya zizi la juu ilianza kupanda. Ukingo wa mwisho wa jua ulimkuta pale, ulipotea akiwa nje, peke yake, anapanda, na hapakuwa na nyumba hata moja duniani iliyokuwa inamhesabia saa.